Mastula na Mafuta Yenye Njaa

Eucabeth Adero alikuwa bado anafungua mafurushi yake sokoni Mbale pale Mastula alipomfikia, ushungi umerudi nyuma ya kichwa, anahema kama aliyekimbizwa na mbwa.

"Mama Adero, nipe pamanganeti."

"Salamu kwanza, we Mnubi! Kwani tumelala nyumba moja?"

"Umeamkaje mama, watoto wazima, nyumbani salama, nipe pamanganeti."

Eucabeth akacheka mpaka akaketi juu ya gunia. Alikuwa Mkenya, mtu wa upande wa Kisumu, na kazi yake ilikuwa kuuza dawa za mifugo: dawa ya kupe, dawa ya minyoo, na zile fuwele nyeusi ambazo ukizitia majini zinayageuza kuwa zambarau. Watu walizinunua kijiko nusu nusu, za kuoshea vidonda na kuwanywesha kuku.

"Kuku wako wanahara?"

"Sina kuku."

"Basi nani ana kidonda?"

"Hakuna. Nataka kulisha mafuta."

Mkono wa Eucabeth ukasimama ndani ya kopo. "Kulisha nini?"

"Mafuta, mama. Shuleni nina chupa mbili. Moja imeshiba, moja ina njaa, na kwa macho zinafanana kama maji na maji. Saa nne mkaguzi anafika. Nikimwonyesha ipi ni ipi, mimi ndiye msimamizi wa maabara. Nikishindwa, kesho analetwa mwanamume mwenye cheti, nami narudi kwenye ufagio."

Eucabeth akamtazama juu mpaka chini, kisha akachota kijiko kizima, akakifunga katika kipande cha gazeti. "Watu wa Jinja mna mambo. Shika. Na hayo mafuta yakikataa kula, yalete kwangu. Nina dawa ya kuongeza hamu, hata ng'ombe mgonjwa huiramba."

Mastula alilipa akiwa ameshageuka, akaanza kukimbia kuelekea Namakwekwe, na kicheko cha Eucabeth kikamfuata mpaka kwenye kona ya msikiti.

Sasa yeye anakimbia, nasi twende taratibu, maana mtu huyu lazima mumjue ndipo muelewe kwa nini mwanamke wa miaka thelathini na nne anakimbia sokoni kwa ajili ya chupa mbili.

Mastula Fadhul alizaliwa Mpumudde, Jinja. Babu wa babu yake alitoka Sudan katika safu za askari, zamani za Waingereza, na tangu hapo ukoo wao ukaitwa Wanubi. Nyumbani walisema Kinubi, kwa jirani Kisoga, na barabarani Kiswahili. Baba yake, mzee Fadhul, hakuvaa sare hata siku moja. Alikuwa fundi wa mashine za kufumia nguo, na vidole vyake vilikuwa na pamba kwenye kucha hata siku ya Idi. Mama yake, Hadijah, alikaanga samaki na kuwauza mlangoni. Mastula alipofika miaka kumi na minane akapata kazi ya kufagia katika shule moja ya sekondari pale Jinja, na chumba alichopewa kufagia kilikuwa maabara.

Huko alimkuta Mwalimu Makokha. Huyu alikuwa Mkenya wa Bungoma, mfupi, mwenye sauti kubwa, aliyefundisha kemia kama mtu anayesimulia ugomvi wa jirani. Wanafunzi wakishatoka, yeye alibaki kuosha vyombo pamoja na mfagiaji wake, na kwa kuwa hakuweza kunyamaza, alimfundisha. Hakumfundisha kwa Kiingereza. Alimfundisha kwa Kiswahili chao cha nyumbani.

"Mastula, kaboni ana mikono minne," alimwambia siku moja, povu likimfika kwenye viwiko. "Na hapendi mkono ulegee. Mafuta haya, kila kaboni amewashika wenzake kwa mkono mmoja mmoja, na mikono iliyobaki imeshika haidrojeni. Mikono yote imejaa. Huyo ameshiba. Ukimletea kitu anakwambia asante, nimekula. Mafuta yale mengine, kuna kaboni wawili wameshikana kwa mikono miwili miwili. Ule mkono wa pili haukukaza. Unatafuta. Kikipita kitu kinacholika, wanauachia na kukidaka. Hao wana njaa."

"Na mtu anajuaje, mwalimu? Hawana matumbo."

"Wape chakula chenye rangi! Mwenye njaa atakula na rangi ipotee. Aliyeshiba atakuachia sahani kama ulivyoileta."

Mastula akafikiri, kisha akacheka. "Mwalimu, kwetu mgeni akisema ameshiba hatumwamini. Tunambembeleza mpaka ale tena."

"Hapa usibembeleze!" Makokha akainua kidole chenye povu. "Usipashe moto, usianike juani. Ukibembeleza sana, hata aliyeshiba ataanza kula, nawe utadanganyika."

Miaka minane alifanya kazi hivyo. Mwisho akapewa barua yenye mhuri: Mastula Fadhul, msaidizi wa maabara. Hadijah aliiweka chini kabisa ya sanduku la bati, chini ya nguo za arusi.

Kisha ukaja mwaka wa 1979. Vita vilipita Jinja, serikali ya wanajeshi ikaanguka, na watu waliokuwa wamekanyagwa na wanajeshi wakaamka kuwatafuta. Wanajeshi walikuwa wameshakimbia. Waliobaki ni majirani Wanubi wenye majina yanayofanana na yao. Nyumba ya Mpumudde ikachomwa pamoja na sanduku. Mzee Fadhul akafariki kwa presha katika juma lile lile. Mastula na mama yake wakatembea mpaka Mbale, wakapata lori la chumvi tupu mpaka mpakani, wakavuka, na miaka saba wakakaa Bungoma wakikaanga samaki wa watu wengine.

Waliporudi, mwaka wa 1986, Hadijah hakutaka kuiona Jinja. Wakaishia Mbale, kwa binamu yake aliyekaa Namakwekwe, chini ya mlima Wanale. Mastula akaomba kazi katika shule ya sekondari ya jirani. "Unajua nini?" akaulizwa. "Kufagia," akasema, kwa sababu karatasi ya kusema zaidi hakuwa nayo.

Wakamfungulia chumba ambacho hakuna aliyekiingia tangu vita. Ndugu zangu, ilikuwa maabara.

Mastula alisimama mlangoni akaweka mikono miwili mdomoni. Askari wa kila upande walikuwa wamepita humo. Bika, zile bilauri za kupimia, zilikuwa zimenywewa chai. Testityubu zilikuwa na mabaki ya mukene, wale dagaa wa ziwani, maana kuna aliyeona ni vyombo vizuri vya kuhifadhia kitoweo. Na mzee wa lindo alisimulia habari ya chupa ya maji ya bromini, yale ya rangi ya machungwa: afande mmoja aliifungua akidhani ni brandi, akavuta harufu kwa pua zote mbili, akatoka mbio machozi yanamtiririka, anapiga kelele kwamba shule imetegwa. Chupa ikavunjwa kwa risasi. Basi bromini ikaisha namna hiyo, kwa kuuawa.

Chupa zilizobaki, mchwa walikuwa wamekula karatasi zake za majina. Mwaka mzima Mastula alikuwa anafagia asubuhi, na mchana anapima chupa moja moja kwa kumbukumbu ya Mwalimu Makokha. Hii chumvi, hii magadi, hii chokaa. Mwalimu mkuu, Bwana Nangoli, Mgisu mrefu, mwenyeji wa Mbale, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimkuta siku moja anaandika jina juu ya kopo, akamwuliza amejuaje. Akamweleza. Nangoli akavua miwani, akaivaa tena. Siku hiyo hiyo akamkabidhi ufunguo.

Ila ufunguo si cheo. Shule ilikuwa inarudishiwa mtihani wa kemia wa kidato cha sita, na wizara ilitaka jina la msimamizi wa maabara, na mbele ya jina, namba ya cheti. Nangoli aliandika barua tatu. Jibu la mwisho lilisema: mkaguzi atakuja, ampime mwenyewe, na mgombea mwenye cheti awe tayari kuletwa kesho yake.

Na chupa zilizobaki bila jina zilikuwa mbili tu, zile zile ngumu. Mchwa walikuwa wameacha nusu ya neno: Cyclohex. Mbele ya hapo, tundu. Sasa kuna sikloheksani, nayo imeshiba, na kuna sikloheksini, nayo ina njaa. Kwa Kiingereza cha kwenye karatasi, herufi moja tu ndiyo inayozitenga, na mchwa walikuwa wamekula hiyo hiyo.

Mastula alifika shuleni saa tatu u nusu. Vyombo vilikuwa tayari, ameviosha jana alasiri, vimeinamishwa mezani vinang'aa. Nangoli alikuwa anatembea huku na huku.

"Mastura," alisema, maana ulimi wake ulimpa kila l anayeitafuta kwa sura ya r, na kila r kwa sura ya l, "nisikirize. Huyu Bi Margret Nambozo ni mtu mzuli, arinifundisha mimi mwenyewe. Rakini usimsarimie kwa Kiswahiri. Mume wake arisimamishwa kwenye kizuizi mwaka wa sabini na saba. Kwa Kiswahiri. Hakuludi."

"Nimesikia, mwalimu. Kiingereza tu."

"Unacho?"

"Ninacho cha chupa."

Gari la wizara likaingia uwanjani. Akashuka mama wa makamo, mwembamba, gauni la gomesi la kijani, sanduku la mbao mkononi. Mastula aliyarudia maneno ya Kiingereza kimoyomoyo. Mama akafika mlangoni, akaingia, na Mastula kwa furaha, kwa woga, kwa mazoea ya maisha yake yote ya kumpa mkubwa heshima yake, akasema:

"Karibu sana, afande!"

Nangoli akatazama dari.

Bi Margret aliweka sanduku mezani polepole. Akaongea Kiingereza na Nangoli, maneno mengi, bila kumtazama Mastula. Kisha akageuka. "Mimi siyo afande," alisema, kwa Kiswahili kikavu. "Na mimi hapana taka hii lugha. Fanya kazi."

Masikio ya Mastula yaliwaka moto. Lakini mikono, mikono ilijua kazi. Akapondaponda punje tatu za pamanganeti katika bika ya maji mpaka maji yakawa zambarau hafifu, rangi ya ua la viazi vitamu. Akatia chembe ya magadi. Katika testityubu ya kwanza akadondosha mafuta ya chupa ya kushoto, katika ya pili ya chupa ya kulia. Akaongeza maji ya zambarau kidogo katika kila moja, akaziba kwa kizibo, akatikisa, akaziweka kwenye kishikio.

Wote watatu wakainama kutazama.

Zambarau ya kushoto ikafifia. Ikawa kahawia, kama chai ya rangi. Ndiyo hii, yenye njaa! Akafungua mdomo aseme, na hapo zambarau ya kulia nayo ikafifia. Ikawa chai vile vile.

Bi Margret akatoa kalamu, akaandika kitu. Akamwambia Nangoli sentensi fupi.

"Anasema," Nangoli akatafsiri, jasho linamtoka, "rebo za chupa zote mbiri zirisema Cyclohex, na katika stoo ya shure olodha ya zamani ina moja ya kira aina. Anauriza, zote mbiri zina njaa?"

Ngoja niwaambie, hapa ndipo mtu mwingine angelitaja lolote. Nafasi ni nusu kwa nusu. Kushoto au kulia, Mungu saidia. Yeye alikaza macho kwenye zile chai mbili mpaka Nangoli akakohoa.

"Nyabo, mama mheshimiwa, ngoja," alisema mwishowe. Kiingereza kilikuwa kimekimbia chote. "Kabla sijasema kitu, niulize maji."

"Uliza nini?" akasema Bi Margret.

"Maji. Maji hayali rangi. Nikiyapa na yakala, basi mwongo si mafuta, mwongo ni chombo."

Akachukua testityubu ya tatu. Hakutia mafuta. Akatia maji matupu ya mtungini, akaongeza zambarau, akatikisa, akainua kwenye mwanga.

Zambarau ikafa. Chai.

"Maji nayo yana njaa!" Mastula akapiga kelele, akaruka kweli kweli, miguu yote miwili. "Mwalimu, umeona? Maji yamekula!"

"Maji ya Mbare hayajawahi kushiba," Nangoli akasema kwa huzuni. "Yanakura hata sufulia."

Lakini Mastula alikuwa ameshachukua testityubu nyingine, safi, kavu, akaisogeza puani. Akavuta. Akavuta tena. Halafu akajipiga kofi la paji la uso, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejikuta anatafuta mtoto naye amembeba mgongoni.

"Limau! Yaa mama, limau!"

"Limau nini?"

"Nyabo, vyombo hivi vilikuwa na mukene. Vilinuka miaka saba. Nimeviosha kwa jivu, havikukubali. Jana nikafanya kama mama yangu alivyofanya Mpumudde kwa beseni za samaki: nikakamua limau ndani, nikasukasuka, nikaacha likauke humo humo ili vinukie. Kwetu sahani ya samaki bila limau haijaoshwa. Mgeni atasema nyumba hii haina mwanamke." Alikuwa anasema mbio, mikono hewani. "Na limau linakula pamanganeti kuliko mafuta yoyote! Si chupa zina njaa, ni limau la mama Hadijah!"

Kitu kilitokea kwenye uso wa Bi Margret, pembeni ya mdomo, kikaondoka. "Osha," alisema. "Osha tena, mimi natazama."

Mastula akakimbia jikoni kwa wapishi wa shule, akarudi na jerikani la maji yaliyochemshwa yakapoa. Akasuuza testityubu mara tatu. Kisha akaiuliza: maji matupu na zambarau. Ikafifia kidogo. "Bado ina uongo." Akasuuza mara tatu nyingine. Akauliza. Ikakaa. Wakasubiri, Nangoli akihesabu dakika kwa saa yake, moja, mbili, tano. Zambarau ile ile, ua la viazi. Akafanya hivyo kwa ya pili na ya tatu, kila moja peke yake, hakuna iliyopata ruhusa kabla ya kuulizwa.

Jua la saa tano lilikuwa limeingia dirishani mpaka juu ya meza. Mastula akabeba kishikio chote, akakihamishia kwenye pembe yenye kivuli.

"Kwa nini natoa kwenye mwanga?" Bi Margret aliuliza haraka. Swali lilikuwa na ndoano. "Kwenye jua si unaona vizuri?"

"Nyabo, kwetu mgeni aliyeshiba ukimbembeleza sana atakula. Jua ni kubembeleza. Moto ni kubembeleza. Nataka ale kwa njaa yake mwenyewe."

Bi Margret akafunga kalamu.

Chupa ya kushoto. Matone kumi, zambarau, kizibo, tikisa. Chupa ya kulia. Matone kumi, zambarau, kizibo, tikisa. Na testityubu ya tatu ya maji peke yake, imesimama katikati kama shahidi.

Ya kushoto ilitulia. Mafuta yakapanda juu, meupe kama kioo, yakalalia maji ya zambarau, na zambarau haikuguswa. Ilikuwa sawa kabisa na ya shahidi.

Ya kulia... ee, mngaliona! Zambarau ilianza kuchafuka kutoka juu, pale mafuta yalipokutana na maji, kama damu ya nzi. Ikashuka. Ikawa kahawia, na vumbi la kahawia likaanza kutua chini, laini, kama tope la mto baada ya mvua. Chini ya dakika moja hakukuwa na zambarau hata ya kulilia.

"Imekura!" Nangoli ndiye aliyepiga kelele, miwani imefika puani. "Imekura yote! Mastura, imeramba na sahani!"

"Kulia ina njaa," alisema Mastula. "Kulia ni sikloheksini. Kushoto imeshiba, ni sikloheksani. Lakini sijamaliza. Shahidi mmoja hatoshi."

Akafunga chupa zote mbili, akazipeleka mwisho wa chumba, ndipo akawasha kiberiti. Juu ya vifuniko viwili vya bati akaweka matone manne manne. Kifuniko cha kushoto kiliwaka moto wa njano wenye moshi kidogo. Cha kulia kikawaka moto mzito, na nyuzi nyeusi za masizi zikapaa, zikazunguka, zikatua juu ya gomesi ya kijani ya mkaguzi.

"Uwii, samahani nyabo!"

"Acha," alisema Bi Margret. Alikuwa anatazama zile nyuzi. "Acha masizi. Kwa nini moja nachafua zaidi?"

"Yenye njaa ina haidrojeni chache kwa kaboni ile ile. Kaboni inakosa kuungua yote. Inatoka masizi."

Hapo Bi Margret alifungua lile sanduku lake la mbao. Ndani, katikati ya pamba, kulikuwa na chupa ndogo ya kahawia. Mastula alipoiona alirudi hatua nyuma kama aliyeona jamaa aliyezikwa.

"Bromini!"

"Kutoka Kampala. Nimeificha makusudi," alisema Bi Margret, na sasa Kiswahili kilikuwa kinamtoka bila kuvutwa. "Siku ya mtihani wewe hutakuwa na Kampala. Utakuwa na soko la Mbale. Nilitaka kuona utafanya nini na soko la Mbale. Leta hizo tyubu zako. Uliza maji kwanza."

Wakafanya pamoja, vichwa vinakaribia kugongana juu ya kishikio. Katika mafuta ya kushoto, rangi ya machungwa ilipanda kutoka majini ikaingia kwenye mafuta, ikakaa humo juu, imetulia, inang'aa. Katika mafuta ya kulia Bi Margret alitia tone. Halikufika hata chini. Likayeyuka rangi. Akatia la pili, la tatu, la nne, kila moja likipotea kama limemezwa, na kila likipotea Mastula alikuwa anasema "Ee! Ee! Ee!" na Nangoli anapiga kiganja mezani.

"Kulia ina njaa," alisema mkaguzi.

"Kulia ina njaa, nyabo."

Bi Margret akaketi. Akatoa fomu, akaitandaza. Jina la shule, limeandikwa. Jina la msimamizi, akaandika: Mastula Fadhul. Kisha kalamu ikasimama juu ya mahali pa namba ya cheti. Nangoli akaanza kueleza habari ya Jinja, ya sanduku la bati, ya moto. Mkaguzi akainua mkono.

"Nangoli, najua moto. Kwangu pia ilipita." Akamgeukia Mastula, na kwa mara ya kwanza akamtazama usoni muda wa kutosha. "Wiki hii nimepima watu wanne. Wote wana vyeti. Niliwapa vyombo vichafu makusudi. Wote walisema majibu bila kuuliza maji. Mmoja alisema zote mbili zina njaa, mwingine akasema kitabu ndicho kimekosea."

"Mimi pia nilikuwa na vyombo vichafu, nyabo. Na si wewe uliyevichafua."

"Ndiyo. Wewe ulichafua mwenyewe, ukajikamata mwenyewe." Akainama, akaandika katika nafasi ile ya namba, herufi kubwa, polepole, na akawa anasoma kwa sauti kadiri anavyoandika, na hakusoma kwa Kiingereza: "Hana namba. Amepimwa mbele yangu. Amejua." Akatia sahihi, akagonga mhuri mpaka wino ukaruka.

Mastula alitaka kusema jambo kubwa. Lilikuja Kinubi, likaja Kisoga, likaja la Mwalimu Makokha, yote yakasongamana mlangoni. Likatoka dogo.

"Nyabo, naanza lini?"

"Umeshaanza," alisema Bi Margret, akijipangusa masizi kwenye gomesi na kuyaeneza zaidi. "Kaza kizibo cha chupa ile ya kulia, msimamizi. Inanuka."